Ufa kwenye nguzo ya mjomba, na hadithi ya majengo tisa

Haya wadau, nimerudi. Najua niliahidi kuandika wiki mbili zilizopita, ila mliowahi kupigishwa msuli wa test tatu ndani ya siku nne mtanielewa. Na bumu lenyewe si mnajua lilivyochelewa. Leo sina habari za kafeteria wala za foleni ya maji hosteli. Kuna kitu mwalimu alikigusa darasani kwa dakika kumi tu, akafuta ubao akaendelea na mengine, na mimi kimeninyima usingizi tangu siku hiyo. Kwa hiyo na nyie hamlali.

Nianzie nyumbani Bukoba (msianze yale mambo yenu ya "nshomile"). Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, ardhi ilitikisika kwetu. Ukubwa wa 5.9. Watu 17 walifariki na nyumba nyingi sana zikaharibika. Mimi nilikuwa shule ya msingi, nakumbuka vumbi kuliko mtikisiko wenyewe. Mjomba wangu alikuwa na jengo la ghorofa moja, chini maduka, juu wapangaji. Halikuanguka. Nguzo moja tu ya kona ilipata ufa wa mshazari, mwembamba, ukucha ulikuwa haupiti vizuri. Akaja fundi, akapiga lipu, akapaka rangi, na wapangaji wakarudi. Tangu hapo mjomba ana msemo wake: jengo limetikiswa na limesimama, basi ni zima.

Nami niliamini hivyo hadi mwezi uliopita. Sasa nimekuwa nikisoma historia ya watu waliojaribu kujibu swali moja: jengo la zege na nondo likishapita kwenye tetemeko na likabaki limesimama, ndani yake kimebaki nini? Linahitaji lipu, linahitaji matengenezo ya maana, au linahitaji kubomolewa? Na je, tunaweza kulijua hilo kabla tetemeko halijaja? Nilidhani jibu lipo kwenye kitabu fulani, mtu anakokotoa na kupata. Kumbe sivyo kabisa.

Wa kwanza kuuliza kwa dhati hawakuwa maprofesa. Walikuwa watu wa bima. Mwaka 1932 mhandisi Mmarekani, John R. Freeman, ambaye maisha yake mengi yalikuwa kwenye kampuni za bima ya moto, alitoa kitabu cha kurasa zaidi ya 900 kuhusu hasara za matetemeko na bima yake. Alikuwa mzee wa miaka 70 na ushee. Mtu wa bima haulizi kama jengo ni zuri au baya, anauliza hasara ni asilimia ngapi ya thamani yake ili ajue atoze kiasi gani. Swali la kibiashara kabisa, lakini ndilo lililozaa fani nzima. Sisi wahandisi tulikuwa bado tuko kwenye "litaanguka au halitaanguka".

Halafu tuje Japani, tarehe 16 Mei 1968, tetemeko la Tokachi-oki, ukubwa wa 7.9. Kabla ya siku hiyo majengo ya zege yalikuwa na sifa kubwa kule, manake nyumba za mbao ndizo zilizozoeleka kuanguka na kuungua. Sasa yakapasuka majengo ya zege ya kisasa, mengi yakiwa ya shule na vyuo. Waliokwenda kuangalia wakakuta jambo linalojirudia: nguzo fupi. Ukijenga ukuta wa nusu chini ya dirisha, ile nguzo ya katikati inabanwa na kuta pande zote, sehemu iliyo huru inabaki kipande kifupi usawa wa dirisha. Nguzo ndefu hupinda. Ile fupi haina nafasi ya kupinda, inakatika kwa mshazari. Na ringi zake zilikuwa mbalimbali, hata sentimita 30 kutoka moja hadi nyingine, kwa hiyo hakuna kilichoushika moyo wa zege. Mwaka 1971 Wajapani wakabadilisha kanuni, ringi zikasogezwa hadi sentimita 10 karibu na ncha za nguzo. (Wale mnaokwenda field, pimeni ringi za saiti zenu halafu mniambie.)

Lakini kanuni mpya inasaidia jengo jipya. Yale maelfu yaliyokwisha kujengwa je? Hapo ndipo anaingia Toshio Shiga wa Chuo Kikuu cha Tohoku, na huyu bwana nimempenda. Alichukua majengo yaliyokumbwa na tetemeko lile, yaliyoumia na yasiyoumia, akapima mambo ambayo hata mimi na wewe tungeweza kupima: eneo la kuta za zege likilinganishwa na eneo la sakafu, na mzigo wa wastani unaobebwa na kuta na nguzo kwa pamoja. Akachora nukta kwenye karatasi. Nukta zikajitenga zenyewe! Majengo yenye zaidi ya sentimita 30 za mraba za ukuta kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu, na mkazo mdogo, yalikuwa yametoka salama. Yale yenye kuta chache yalikuwa upande wa pili, yamevunjika. Hakuna kompyuta, hakuna programu. Ni tepu ya kupimia tu na ustahimilivu wa kuzunguka.

Kutokana na njia hiyo ya kufikiri, mwaka 1977 Japani ikatoa mwongozo wa kukagua majengo ya zege yaliyopo. Unazidisha vitu vitatu: nguvu na unyumbufu wa jengo, umbo lake, na cha tatu wanakiita T, yaani muda. Ndani ya T ndimo zinamoingia nyufa, kuzeeka, kutu, na moto kama jengo liliwahi kuungua. Mwisho unapata namba moja, na 0.6 ikawa ndiyo mstari maarufu. Niliposoma habari za T niliweka kalamu chini. Mwaka 1977 mtu alikuwa ameshakaa mezani na kuandika kwamba ufa wa zamani unapunguza namba ya jengo, hata kama umepakwa rangi.

Huku Marekani mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Tarehe 9 Februari 1971, asubuhi, San Fernando, California. Ukubwa wa kama 6.6. Hospitali ya Olive View ilikuwa mpya kabisa, ya zege, imefunguliwa muda mfupi tu. Jengo kuu halikulala chini, lilisimama, ila sehemu ya chini ilisogea kando karibu sentimita 60 na minara ya ngazi ikaachana na jengo. Picha za nguzo zake ziko kwenye vitabu vingi vya uhandisi, na kuna jambo moja pale linalonifurahisha kwa namna ya kusikitisha. Nguzo zilizofungwa ringi za kuzunguka kama springi zilipoteza ganda la nje lakini moyo wa zege ukabaki, zikaendelea kubeba. Nguzo za kona, zenye ringi za kawaida, zilisagika. Jengo moja, siku moja, tofauti ni ringi tu. Likabomolewa lote. Lilikuwa limesimama, jamani, na likabomolewa.

Baada ya hapo Robert Whitman wa MIT na wenzake walikusanya taarifa za majengo zaidi ya 1,600 ya eneo lile. (Ndiyo, ni yuleyule Whitman wa Lambe na Whitman, kile kitabu cha udongo mnachokipiga desa.) Mwaka 1973 wakatoa jedwali. Ukishuka chini unaona viwango vya uharibifu, kuanzia sifuri hadi kuporomoka, ukienda pembeni unaona ukali wa mtikisiko, na ndani ya kila kisanduku kuna asilimia. Yaani hawakusema "jengo hili litaumia hivi". Walisema, kati ya majengo 100 ya namna hii, kwa mtikisiko wa ukali huu, kiasi fulani yataumia kidogo, kiasi fulani sana. Kwangu huo ni unyenyekevu mkubwa kwa mhandisi. Mtu wa bima linamtosha kabisa jibu hilo, ana majengo elfu. Mjomba wangu analo moja.

Na hata majedwali hayo yalikuwa na matobo, kwa sababu matetemeko hayaji kwa oda. Visanduku vingi havikuwa na data. Basi mwaka 1985 California wakafanya kitu ambacho nikikifanya mimi kwenye ripoti nitapewa sifuri: waliwauliza wazee. Ripoti inaitwa ATC-13. Wataalamu zaidi ya 50 waliulizwa kwa awamu, kila mmoja akisie uharibifu wa aina kadhaa za majengo, waonyeshwe makisio ya wenzao, wakisie tena. Kisha makisio yakageuzwa namba, na namba zikatumika miaka na miaka. Usicheke. Mtu aliyekanyaga vifusi vya matetemeko kumi anajua vitu ambavyo havijaandikwa popote.

Mwaka huohuo wa 1985 likatokea jambo la pili, na hapa ndipo nilipokwama wiki nzima. Young-Ji Park na Alfredo Ang wa Chuo Kikuu cha Illinois walitoa fomula ya kupima uharibifu wa zege. Chukua waya wa kufungia nondo. Unaweza kuuvunja kwa kuukunja mara moja kwa nguvu nyingi. Au unaukunja kidogo na kuunyoosha, kidogo na kuunyoosha, hadi unachoka na kukatika. Kabla yao wengi walihesabu ule mkunjo mkubwa peke yake. Wao wakajumlisha vyote viwili: nguzo ilisogea kiasi gani pale iliposogea zaidi, na jumla ya nguvu iliyoila kwa kwenda na kurudi. Tetemeko refu la mtikisiko wa wastani linaweza kuua jengo ambalo mtikisiko mkali mfupi ungeliacha. Jumla ikifika 1, limekwisha. Ikiwa chini ya 0.4, linatengenezeka. Juu ya 0.4, gharama na ugumu wake ni kwamba afadhali ubomoe.

Hiyo 0.4 nimeikuta kila mahali. Kwenye tasnifu za watu, kwenye programu, kwenye ubao wa mwalimu wetu siku ile. Nikauliza imetoka wapi. Nikafuata mpaka chini. Fomula yenyewe ilitoka kwenye majaribio mengi ya maabara, Marekani na Japani, hilo sawa. Lakini mstari wa kutengenezeka ulipatikana kwa kulinganisha fomula na majengo halisi ya zege yaliyoumia San Fernando mwaka 1971 na Miyagi, Japani, mwaka 1978. Majengo mangapi? Tisa.

Tisa, wadau. Mwenzangu wa chumbani ananiambia tisa si haba, kuliko kutokuwa na kitu, na labda ana haki. Simlaumu Park wala Ang, wao walieleza wazi walichofanya. Ninachosema ni kwamba tumebeba namba kwa miaka zaidi ya 40 kama vile imeshuka kutoka mbinguni.

Miaka ya 1990 nitaipita haraka. Mwaka 1997 serikali ya Marekani kupitia FEMA ilitoa programu ya HAZUS ya kukadiria hasara ya mji mzima, na mwaka 2012 wakatoa P-58, ambayo ni kazi nzuri sana: inahesabu jengo kipande kwa kipande. Bimu hii nyufa zake zitahitaji kudungwa gundi ya epoksi, ile ganda limebanduka litahitaji kuzibwa, ile nyingine nondo zimepinda kwa hiyo ivunjwe na kumwagwa upya. Kila kazi ina gharama na siku zake, kompyuta inarudia tetemeko mara mamia, unapata picha ya bili. Swali la bima la mwaka 1932 hatimaye limejibiwa kwa kitaalamu.

Ila kabla P-58 haijatoka, mji mmoja ulikuwa umeshafanyiwa mtihani. Christchurch, New Zealand. Nchi yenye wahandisi wa matetemeko ambao dunia nzima inawaiga.

Tarehe 4 Septemba 2010, alfajiri, tetemeko la 7.1 kama kilomita 40 magharibi ya mji. Hakuna aliyeuawa na jengo. Wakaguzi wakazunguka na stika zao: nyekundu usiingie, njano ingia kwa masharti, kijani tumia. Jengo la CTV, zege, ghorofa sita, la miaka ya 1980, likapata kijani. Watu wakarudi kazini, zahanati ikafungua, shule ya Kiingereza yenye wanafunzi kutoka Japani, China na kwingine ikaendelea na masomo. Tarehe 22 Februari 2011, saa 6:51 mchana, tetemeko la 6.3, dogo kuliko la kwanza lakini karibu kabisa na mji. CTV iliporomoka kwa sekunde chache. Watu 115 walikufa humo, kati ya 185 waliokufa katika tetemeko lote.

Tume ya uchunguzi iliyoundwa baadaye ilikuta jengo lilikuwa na kasoro tangu kwenye michoro: nguzo zisizo na ringi za kutosha kunyumbulika, sakafu zisizoshikwa vizuri na ukuta mkuu, na kwamba kibali cha ujenzi hakikustahili kutolewa. Stika ya kijani haikuwa uongo kwa maana yake yenyewe. Ilijibu swali "je, limeumia?" Watu wakaisoma kama jibu la swali jingine, "je, litahimili kubwa zaidi?" Ni kosa lilelile la mjomba, ila kwa herufi kubwa.

Na kuna sehemu ya pili ya Christchurch ambayo haisemwi sana. Majengo mengi ya zege katikati ya mji hayakuanguka, yalifanya kazi yake, watu wakatoka hai. Halafu karibu asilimia 60 ya yale ya ghorofa kadhaa yakabomolewa. Kwa nini? Sababu nyingi zimechanganyika: ardhi iliyodidimia, mji uliofungwa muda mrefu, bima iliyolipa vizuri zaidi ukibomoa. Lakini moja ni kwamba hakuna aliyeweza kumwambia mwenye jengo kwa uhakika kimebaki nini ndani. Kulikuwa na jengo la makazi, Gallery Apartments, ukuta wake ulikuwa na ufa mmoja mwembamba, kitu ambacho ungeweza kukipita. Walipochimba ndani wakakuta nondo zimekatika. Ukuta ulikuwa na nondo chache mno, kwa hiyo badala ya kupata nyufa nyingi ndogondogo zinazogawana kazi, ulipata ufa mmoja, na nondo zote zikavutwa mahali pamoja hadi zikakatika. Tetemeko likiisha uzito wa jengo ukaufunga ufa. Kwa nje, mstari wa penseli.

Hapo ndipo nilipofunga laptop nikatoka nje kupigwa upepo.

Sasa kuna mtu wa mwisho, Mete Sozen, mzaliwa wa Uturuki aliyefundisha Illinois na baadaye Purdue. Mwaka 1997 yeye na Ahmed Hassan walirudi kwenye njia ya Shiga, wakatumia majengo yaliyokumbwa na tetemeko la Erzincan, Uturuki, la mwaka 1992. Makala yao inalenga majengo mafupi katika sehemu ambazo matetemeko ni ya nadra. Yaani sisi! Fomula yao unaifanya nyuma ya risiti. Nusu ya eneo la nguzo zote za chini, gawanya kwa eneo la sakafu zote. Ongeza eneo la kuta za zege, pamoja na sehemu moja ya kumi ya kuta za tofali, gawanya vilevile. Haikuambii litaanguka. Inakuambia kwenye foleni ya kukaguliwa, jengo gani litangulie.

Nikampigia binamu, akapima kwa tepu. Nguzo 12 za sentimita 25 kwa 25, yaani mita za mraba 0.75, nusu yake 0.375. Sakafu zote mbili jumla mita 300 za mraba. Hiyo ni asilimia 0.125. Kuta za tofali kwa upande dhaifu urefu wa mita 12, unene sentimita 15, inakuja 1.8, sehemu ya kumi 0.18, yaani asilimia 0.06. Jumla 0.185. Nikampelekea mwalimu ofisini. Akaangalia, akakaa kimya, akasema, "Hili ningeliweka mbele kwenye foleni." Halafu akaongeza: mtu asiguse ile nguzo kabla ya kuweka mirunda ya kushikilia juu, na mhandisi awepo.

Jumapili jioni nikampigia mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umekula?"

Nikamweleza. Nilianza na Japani, akaniambia nifupishe, vocha ni yangu. Nikafupisha.

"Kwa hiyo unaniambia nibomoe?"

"Hapana mjomba. Nasema tubandue lipu pale kwenye ufa, tuone nondo na ringi zikoje. Tukiwa na mhandisi. Na tuweke mirunda kwanza."

Akakaa kimya muda mrefu, nikadhani simu imekata.

"Ile rangi nimepaka upya mwezi wa sita," akasema. Kisha akaniuliza mirunda inatakiwa mingapi.

Likizo inaanza wiki tatu zijazo. Nauli ya basi hadi Bukoba nimeshaulizia, inategemea bumu. Mjomba anasema ngazi na nyundo anazo.